Mkoa Mmoja wa Ziada

Baba yangu alikuwa na desturi ya kuwapa Waitaliano pole. Malindi ya miaka ya themanini ilijaa Waitaliano, na wengi wao, wakishachoka kulala ufukweni, waliletwa Gede kuangalia magofu, ambako baba alikuwa mtembezaji wa wageni. Aliwaacha kwanza wakae kivulini, wanywe maji, wafute jasho. Halafu aliwauliza wametoka nchi gani, ingawa alikwisha kujua. Wakisema Italia, alivua kofia. "Poleni sana kwa Roma," aliwaambia, kwa Kiingereza alichojifunzia kazini na kwa sauti ile ile aliyokwenda nayo matangani. Wengi walicheka. Bibi mmoja mzee alimshika mkono akasema hajawahi kupewa pole hiyo na mtu yeyote, na baba aliisimulia habari hiyo miaka na miaka, kuthibitisha kwamba Warumi hawakupungukiwa adabu, walipungukiwa hesabu tu.

Kusoma hakusoma sana. Alifika darasa la nne. Aliyoyajua kuhusu dola za kale aliyapata kwa wageni wenyewe, kila mmoja akisimulia ya kwao na kutia chumvi upande wake. Ugiriki aliipata kwa baharia Mgiriki aliyekuwa amefukuzwa melini. Uajemi aliipata kwa mhandisi mmoja aliyekuja kuona magofu akakuta mvua, wakakaa wote wawili kibandani mchana kutwa. Misri aliipata kanisani, kwa hiyo Misri ya baba ilikuwa na vyura wengi kuliko dola nyingine yoyote. Dola ya Waingereza hakuhitaji kusimuliwa na mtu. Hiyo ndiyo pekee aliyoiona ikianguka kwa macho yake, na ilimvunja moyo. Alitarajia vumbi. Badala yake waliitwa uwanjani, wakaona bendera moja ikishuka na nyingine ikipanda, wakapewa chai na mkate, wakarudi nyumbani mapema.

Jioni, baada ya kula, alizilinganisha. Mama alifariki nikiwa darasa la sita na sina ndugu wa kuzaliwa naye, kwa hiyo msikilizaji nilikuwa mimi. Nikikuna nazi, Uajemi iko juu. Nikiosha vyombo, Roma imeipita. Nikitandika kitanda, zote zimeanguka na baba anauliza kama mlango umefungwa. Sikuchoka. Watu huniuliza kama sikuchoka, na mimi nawauliza kama wao walichoka na redio.

Baba aliamini kwamba dola zote ziliuawa na kitu kimoja, nacho alikiita mkoa wa ziada. Adui haui dola, alisema. Njaa haiui dola. Mtu ana mikoa yake kumi, anakula, analala, watoto wanamwamkia. Siku moja anatazama ng'ambo ya mto, anauona mkoa wa kumi na moja. Hauhitaji. Lakini ameshauona. Akiuchukua huo, basi, mwiteni fundi wa sanda.

Sheria hii haikuishia kwa wafalme. Jirani yetu aliyeongeza mke wa tatu alikuwa amechukua mkoa wa ziada. Mwenye duka aliyefungua duka la pili Watamu, likamfia, naye vilevile. Mimi nikijipakulia wali mara ya pili, baba aliukazia macho mkono wangu namna ya mtu anayeona jeshi likivuka mto.

Wakati huo nilikuwa nafundisha shule ya nasari asubuhi, na mchana nampelekea baba chakula magofuni. Siku moja nilimkuta na wanafunzi wa kidato cha tatu kutoka Malindi, walioletwa na mwalimu wao wa historia. Baba alikwisha kuwaonyesha msikiti, visima na nyumba za wakubwa, naye, kama kawaida yake, alikuwa ameshatoka Gede bila ruhusa na kuingia Roma. Alipofika kwenye mkoa wa ziada, yule mwalimu akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee," alisema. "Roma ilianguka kwa sababu saba."

"Saba?"

"Ndiyo, saba. Na ziko kwa mtihani."

Wanafunzi walifungua madaftari. Baba aliwatazama, akamtazama mwalimu, akavaa kofia yake.

"Mwalimu," alisema, "mtu hafi kwa magonjwa saba. Likishamuua moja, hayo sita huona haya yakaenda zao."

Nilicheka, naye mwalimu akageuka kunitazama. Sitadai kwamba moyo ulipiga ngoma. Niliona mtu mrefu aliyevaa suruali ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, aliyekuwa amemkosea adabu mtu mzima mbele ya watoto na hakuwa na habari. Alikuwa amesema kweli, hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alitoka bara, mbali kuliko Nairobi, upande wa ziwa, na alikuwa amepanga chumba Muyeye, kule ambako ukikohoa jirani anakwambia pole kupitia ukutani.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani na sukari na mkate, kumwomba baba msamaha. Baba alimsamehe haraka ili waendelee. Jumamosi nyingine akaja tena, na nyingine, na kila mara walizichukua dola zile wakazilinganisha upya. Baba alisimama na Uajemi kwa ajili ya barabara zake, akisema mfalme wa Uajemi angetuma barua ikafika kabla ya ile ya posta yetu. Mwalimu alisimama na Roma kwa ajili ya sheria. Mimi nilisimama na Misri kwa kuwa haikuwa na mtu, na kwa kuwa watu wake walikaa kwao kwa mto wao, wakajengea wafu wao nyumba nzuri kuliko za walio hai, wakadumu kuliko hao wengine wote. Walinisikiliza, kisha wakarudi kwenye barabara na sheria.

Baba aliamini kijana anakuja kwa ajili ya Roma. Si kwamba alidanganywa. Mwalimu alikuja kwa ajili ya Roma kweli, ila alikuwa anakuja pia kwa ajili yangu, na nilipomsindikiza mpaka barabarani alizungumza mambo mengine kabisa, kwa Kiswahili chake cha bara kilichonyooka kama rula. Alisema hajawahi kukaa nyumba ambayo watu wanabishana bila mtu kupigwa. Alisema napika samaki vizuri, na kwao wanajua samaki. Alisema hawezi kusema uongo, hata mdogo, na kwamba jambo hilo limemponza mara nyingi. Nilimpenda. Nimelisema hapa kwa neno moja kwa sababu wakati ule nilikuwa nalisema kwa kumwongezea nazi kwenye mchuzi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, akapata uhamisho. Januari alitakiwa awe shule moja ya kwao. Akamweleza baba Jumamosi iliyofuata, akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, kwamba anahama na kwamba anaomba ruhusa alete wazee kuniposa.

Baba aliuliza kwao ni umbali gani.

"Ukifika Nairobi unalala, mzee. Asubuhi unapanda gari lingine. Jioni unafika."

Baba alizungusha kikombe chake cha chai sahanini. "Mkoa wa ziada," alisema, akaingia ndani.

Baadaye nilimuuliza mkoa wa ziada ni nani, ni yule mwalimu au ni mimi. Akasema chakula kimepoa.

Tangu siku hiyo hakukataa wala hakukubali. Mwalimu alipokuja, baba alimpokea, wakanywa chai, na lilipotajwa neno la posa baba akauliza habari za Wagiriki. Lakini kazini kwake mambo yalibadilika. Nilimkuta mchana mmoja na Mwitaliano na mkewe, wamesimama karibu na kisima kilichokauka, naye amevua kofia.

"Wataalamu wanasema mji huu ulikufa kwa sababu ya maji," aliwaambia. "Wengine wanasema vita. Hakuna aliyeniuliza mimi. Mji huu ulikufa kwa sababu watu wake waliruhusu mabinti zao waolewe mbali."

Mwitaliano alimtafsiria mkewe. Mkewe akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Roma nayo ni hivyo hivyo," baba aliendelea. "Misri msiseme. Malkia wao mzima alikwenda kupenda wageni, tena wawili, mmoja baada ya mwingine. Mkayaona yaliyompata."

Nilisimama na bakuli langu la wali na maharage, nikasubiri amalize kuiangusha Uajemi kwa sababu ya binti. Nilikuwa na hasira naye na wakati huo huo nilitaka kumshika mkono. Nilijua kilichomsumbua. Hakuwa na neno na watu wa bara, hata kidogo. Nusu ya rafiki zake walikuwa watu wa bara. Aliogopa jioni. Aliogopa kukaa pale mlangoni, ameshiba, Uajemi iko juu, na hakuna wa kumwambia. Mimi pia niliogopa jioni hiyo hiyo kwa niaba yake. Nilitaka kuolewa na mtu yule, na nilitaka baba yangu asibaki peke yake, na kwa vyovyote nilivyoyapanga, moja lilimla mwenzake.

Nikaenda Vitengeni kwa shangazi. Yeye alikuwa dada mkubwa wa baba, aliyemlea mgongoni, na kwa hiyo hakuona chochote cha kuogopa ndani yake. Nilimkuta anarudi na ndoo ya maji kichwani kutoka mbali, maana mwaka ule mvua zilikuwa zimewasusa watu wa huko. Nilimpokea ndoo, nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama. Alinisikiliza huku akivunja kuni.

"Baba yako hajakataa," alisema. "Atakataaje kitu ambacho hajaletewa? Yeye amesema maneno tu, na maneno hayamwishi tangu utotoni. Mwambie huyo kijana alete tembo."

Kwetu sisi Wagiriama, posa huingia nyumbani na tembo, pombe ya mnazi. Upande wa kijana huja na vibuyu vyake, mshenga husema neno, na vibuyu hukaa pale mbele ya watu bila kuguswa. Kisha binti huitwa. Huulizwa mbele ya wote: tembo hili linywewe au lirudi lilikotoka? Akisema lirudi, linarudi, na wageni wanapewa maji ya kunywa na kwaheri. Akisema linywewe, baba yake hunywa kwanza, na akishakunywa hakuna tena wa kulifungua lile jambo. Baba anaweza kumzungusha kijana mwaka mzima kwa maneno, lakini tembo likishaletwa kwa heshima, hawezi kulifukuza mlangoni.

Shida ilikuwa kwamba mwalimu alikuwa mtu wa kanisa ambalo halitaki hata kunusa pombe. Aliniuliza kama soda haitoshi, kreti nzima, tena baridi. Nilimpelekea shangazi ombi hilo. Shangazi alirudia neno "soda" mara moja, taratibu, kama mtu anayesoma jina la dawa, na tangu hapo hakumtaja tena mwalimu mpaka siku yenyewe. Ikabidi mwalimu mwenzake wa hesabu, Mgiriama wa Ganze, akubali kuwa mshenga na kwenda kwa mgema. Hata hivyo vibuyu viwili mwalimu alivibeba mwenyewe kutoka barabarani, mikono ameinyoosha mbele, kama mtu aliyepewa kubeba mtoto wa mwenzake aliyejikojolea.

Kabla ya siku hiyo tulikuwa tumemfunza. Mimi nilimfunza na mshenga akamfunza. Tulimwambia kwamba baba ana haki ya kumuuliza mgeni swali kabla binti hajaitwa, na kwamba swali litakuwa la Roma, na kwamba jibu ni "moja". Sababu ni moja, mzee. Basi. Akubali tu mkoa wa ziada, aukumbatie, aende zake. Alirudia "moja" mara nyingi akitembea uani kwake Muyeye, na mshenga aliniambia kwamba majirani wote walikuwa wameshashika somo.

Walikaa barazani kwetu, chini ya makuti. Baba kwenye kiti chake. Kando yake kaka yake, baba mkubwa, aliyekuwa ametoka Vitengeni asubuhi na tangu afike alikuwa hajaondoa macho kwenye vibuyu. Shangazi kwenye mkeka. Mbele yao mshenga na mwalimu, na katikati tembo, limefunguliwa na mirija imeshatiwa ndani, maana hivyo ndivyo linavyowekwa. Mimi nilikuwa jikoni, nakamua nazi iliyokwisha kukamuliwa, nasikiliza kupitia ukuta wa makuti.

Mshenga alisema neno lake vizuri. Alisema wameona ua katika nyumba hii na wanaomba kulichuma bila kuvunja tawi. Baba akashukuru. Akasema ana swali moja kwa mgeni.

"Mwalimu," alisema, "Roma ilianguka kwa sababu ngapi?"

Nilimsikia mwalimu akivuta pumzi.

"Saba, mzee."

Niliweka kifuniko cha sufuria chini polepole. Nilimsikia mshenga akisema "Mungu wangu" kwa sauti ya mtu aliyeona basi lake likiondoka.

"Zitaje," baba alisema, na niliijua sauti ile. Alikuwa na furaha.

Mwalimu akaanza kuzitaja. Ya kwanza ilikuwa jeshi lililojaa wageni wa kukodiwa. Baba akauliza wageni hao walihitajika kulinda nini, kama si mikoa. Ya pili ilikuwa kodi. Baba akauliza kodi ya kulisha nani, kama si jeshi la mikoa. Ya tatu ilikuwa kugawanya dola sehemu mbili, na hapo baba alipiga goti lake akasema mtu hagawanyi shamba ambalo jembe lake linafika mwisho. Walipanda hivyo, mmoja akitaja, mwingine akiirudisha mkoani, mpaka sauti zao zikafika barabarani. Baba mkubwa aliuliza kama jambo hili lina mwisho. Shangazi akamwambia anyamaze, kwani lilikuwa limenoga.

Ya sita ilikuwa watu wa mjini kuzoea mkate wa bure.

"Mkate wa bure," baba alisema. Aliinama mbele, akashika mrija wa kibuyu kilichokuwa karibu naye, akavuta funda refu, akaurudisha. "Ngano ya mkate huo ilitoka mkoa gani?"

Nilichungulia kwenye upenyo. Mwalimu alikuwa amekunja vidole sita na kimoja kimesimama. Shangazi alikuwa anatazama mrija. Baba mkubwa alikuwa anatazama mrija. Baba ndiye aliyekuwa bado Roma.

"Umekunywa," shangazi alisema.

"Nimelowesha koo."

"Koo la nani?"

Baba alifikiri. "Langu."

"Basi umekunywa."

Baba mkubwa alisema kwamba jambo limekwisha, kwamba yeye ni shahidi, na kwamba kwa kuwa limekwisha hakuna ubaya naye akiishika mboko yake, yaani kibuyu cha pili, akaisogeza. Mshenga alianza kumshukuru Mungu na wazee na waliotangulia. Mwalimu, namsema kwa mapenzi, aliuliza kama anaweza kumalizia ya saba. Mshenga alimkanyaga mguu.

Ningepaswa kufurahi. Nilichokililia kwa miezi kilikuwa kimetendeka mbele ya mashahidi, na baba hangeweza tena kulikimbilia jambo hilo hata Ugiriki. Lakini nikiwa pale na machicha mkononi, nilipandwa na hasira ambayo sikuitegemea. Watu wazima watano walikuwa wameniozesha kwa kiu ya mzee mmoja. Hakuna aliyekuwa ameniita.

Nikatoka jikoni. Niliwaamkia wote kwa zamu, kwa kuwa hasira si ruhusa ya kukosa adabu, kisha nikasema, "Sijaulizwa."

"Baba yako ameshakunywa, mwanangu," baba mkubwa alisema. "Utaulizwa nini tena?"

"Kama linywewe au lirudi."

"Limeshanyweka."

"Ni funda moja, baba mkubwa. Lililobaki bado ni la wageni. Nikisema lirudi, linarudi."

Baba mkubwa aliuondoa mdomo wake kwenye mrija. Wote walijua nimesema kweli. Nikisema lirudi, baba atakuwa amekunywa tembo la watu kabla ya wakati wake, atatozwa mbuzi, na Vitengeni yote itakuwa na la kucheka mpaka mvua zirudi. Mwalimu atapanda basi lake Januari akiwa peke yake. Na mimi nitabaki.

Nilimtazama baba. Alikuwa ananitazama, na niliona anachotaka, na niliona kwamba anaona haya kukitaka. Mbuzi angemtoa kwa furaha. Vicheko vya Vitengeni angevibeba kichwani mpaka kaburini. Alitaka niseme lirudi, na hakuweza kulisema, wala hakuweza kulipitisha kwa Warumi kama alivyopitisha mambo yake mengine yote.

"Muulize," shangazi alimwambia. "Wewe ndiye baba."

Baba alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Mwanangu," alisema, akakwama. Akaanza tena. "Huko utakula nini?"

Hilo halikuwamo katika desturi, lakini hakuna aliyemkatiza.

"Ugali, baba."

"Na samaki?"

"Kuna ziwa."

"Ziwa si bahari."

"Ndiyo, baba. Si bahari."

"Na jioni mnafanya nini?" Hili alimuuliza mwalimu.

Mwalimu alifikiri kwa uaminifu wake ule wa kuudhi. "Tunakaa tu, mzee," alisema. "Hakuna kitu."

Baba alitikisa kichwa, kama mtu aliyepata habari ambayo ilikuwa inakosekana mahali fulani. Alinitazama tena, na safari hii hakuangalia pembeni.

"Mimi nitapata taabu," alisema. "Sitakuficha. Nitapata taabu sana." Kisha, kwa sauti ya desturi, kila neno mahali pake: "Mwanangu, tembo hili linywewe au lirudi lilikotoka?"

Nilifuta machicha kwenye kanga, mkono mmoja kisha mwingine. Shangazi alisema tuliza moyo, hakuna anayekukimbiza, na baba mkubwa, lazima nimpe haki yake, akairudisha mboko katikati.

"Linywewe, baba," nilisema. "Anza wewe."

"Nimeshaanza," alisema.

Hakutabasamu alipolisema. Nilimtazama usoni nione kama ni mzaha au kama ni jambo jingine, naye akainama upesi kwenye kibuyu. Mrija ukamkwepa mdomo mara mbili. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshikia kibuyu mpaka akamaliza.